TAKWIMU: MBONA WANAFUNZI WA VYUO HULIOGOPA SOMO HILI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika shule ya kutwa kama yetu kuna wanafunzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaopenda hesabu. Wa pili, nao ndio wengi, ni wale wanaohesabu siku zilizobaki waachane na hesabu. Utawasikia wakati wa mapumziko wakijipa moyo: "Mimi nikimaliza KCSE tu, hesabu kwaheri ya kutoonana. Naenda kusomea uuguzi." Mwingine atasema ualimu wa Kiswahili na dini, mwingine saikolojia, mwingine biashara, mwingine kilimo pale Njoro. Almuradi kila mmoja amejitafutia mlango wa kutorokea.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huyo mtoro wa hesabu akifika chuoni, mara nyingi katika mwaka wa kwanza au wa pili, hulikuta somo moja limekaa kitako likimngoja. Somo hilo ni takwimu. Muuguzi atalisoma. Mtu wa kilimo atalisoma. Mwanasaikolojia, mwanauchumi na mfanyabiashara watalisoma. Hata mwalimu atahitaji kujua maana ya alama anazozisahihisha. Hapo ndipo kilio na kusaga meno huanza.

Katika makala haya ninakusudia kueleza mambo matatu: wanafunzi wa vyuo vikuu huhisi vipi wanapofundishwa takwimu, hisia hizo hutoka wapi, na sisi ambao bado tuko huku chini tufanye nini mapema. Nimeamua kuyaandika kwa sababu wengi wetu tunachagua kozi tukiwa tunakimbia kitu, badala ya kuchagua tukiwa tunakiendea kitu.

TAKWIMU NI NINI HASA?

Takwimu si mgeni kabisa kwetu. Katika Kidato cha Pili tulichora grafu, tukatafuta wastani, modi na namba ya katikati. Katika Kidato cha Tatu tunafundishwa uwezekano, yaani mambo ya kurusha sarafu na kuchomoa mipira kwenye mfuko. Katika Kidato cha Nne tutalirudia somo la takwimu tena kwa undani zaidi. Katika jiografia nako ziko.

Kwa ufupi, takwimu ni elimu ya kukusanya habari kwa namba, kuzipanga na kuzisoma ili tujue jambo ambalo macho peke yake hayawezi kuliona. Chukua mfano wa sensa iliyoanza usiku wa Agosti 24, 2019. Ilipatikana kwamba Kenya ilikuwa na watu 47,564,296, na katika hao, watu 2,162,202 walikuwa wa Kaunti ya Nakuru. Hakuna mtu anayeweza kupanda juu ya Menengai na kuwaona watu wote hao kwa macho. Namba ndizo zilizowaona.

Sensa hiyo hiyo ilisema kwamba kwa wastani kila kaya nchini ilikuwa na watu 3.9. Sasa wacha nikuulize, ndugu msomaji: umeona wapi nyumba yenye watu watatu na nukta tisa? Huyo wa nukta tisa hulala kitanda gani?

Unaweza kucheka, lakini hapo ndipo wengi hupotea. Katika hesabu tulizozoea, jibu ni moja: ama umelipata, ama umekosa. Takwimu haiendi hivyo. Hiyo 3.9 haisemi lolote kuhusu nyumba yenu wala yetu. Inasema kuhusu nyumba zote zikiwa pamoja. Takwimu huzungumza juu ya kundi, na mara nyingi husema "yaelekea", "huenda", "kwa uhakika wa kiasi fulani". Mwanafunzi aliyezoea kupigiwa mstari chini ya jibu mara mbili huona kama anachezewa akili.

HISIA ZENYEWE

Hofu hii si porojo za mabwenini. Ni jambo ambalo wataalamu wamelipima. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Marekani, Cruise, Cash na Bolton, walitoa dodoso lenye vipengele 51 la kupima hofu ya takwimu. Waliigawa hofu hiyo katika mafungu sita. La kwanza ni kuona kwamba somo lenyewe halina faida. La pili ni hofu ya kufasiri matokeo, pale jedwali limetoka na hujui linasema nini. La tatu ni hofu ya mtihani na darasa. La nne ni mtu kujiona kwamba yeye si wa hesabu. La tano ni hofu ya kuomba msaada. La sita, usicheke, ni hofu ya mwalimu wa takwimu mwenyewe.

Hebu itazame orodha hiyo tena polepole. Kati ya mafungu sita, ni mangapi yanayohusu ugumu wa kukokotoa? Ni hilo la nne tu linalokaribia, na hata lenyewe halisemi kwamba hesabu ni ngumu. Linasema kwamba mtu amejihukumu hawezi. Kumbe sehemu kubwa ya hofu ya takwimu haimo ndani ya takwimu!

Mwaka 1995 mtafiti mwingine, Candace Schau, pamoja na wenzake, walitoa dodoso lao. Wao waliuliza mambo manne: unalipenda somo au hulipendi? Unajiamini kwamba utalielewa? Unaona lina thamani? Unaona ni gumu kiasi gani? Baadaye waliongeza mengine mawili, hamu na juhudi. Faida ya kuyatenganisha ni kwamba hayaendi pamoja kila mara. Mwanafunzi anaweza kukubali kwamba takwimu ina maana sana maishani na bado akaichukia, kama vile mtu anavyokubali kwamba shubiri ni dawa huku amekunja uso.

Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba wale wanaolipenda somo na kujiamini huelekea kupata alama nzuri zaidi. Lakini hapa lazima tuwe waangalifu. Je, ni kujiamini kunakoleta alama, au ni alama zinazoleta kujiamini? Ni swali la kuku na yai. Mambo mawili yakitembea pamoja haina maana kwamba moja limemzaa mwenzake. Ukilishika hilo tu, tayari umejifunza somo moja kubwa la takwimu, tena bila fomula.

Mwaka 2003 Onwuegbuzie na Wilson waliandika kwamba huenda hadi asilimia 80 ya wanafunzi wa shahada za juu katika elimu za jamii na tabia hupatwa na hofu hii. Namba hiyo inatisha. Hata hivyo, ukiisoma, uliza kwanza: waliohesabiwa ni akina nani, na walikuwa wapi? Ilitokana na tafiti za Marekani. Haikutoka Njoro wala Maseno. Twaweza kuitumia kama mwanga, si kama kipimo chetu.

HOFU HUTOKA WAPI?

Sababu ya kwanza ni kidonda cha zamani. Mtu aliambiwa tangu shule ya msingi kwamba hesabu si zake, akaamini. Akifika chuoni anabeba kile kidonda pamoja na sanduku lake.

Sababu ya pili ni kuanza na fomula kabla ya jambo lenyewe. Binamu yangu aliye chuoni aliniambia kwamba wiki za kwanza za takwimu alijiona kama mtu anayesoma barua za watu wengine: sigma hapa, mu pale, alfa kule, herufi za Kigiriki tupu. Alinakili zote vizuri kwa kalamu ya rangi. Asichojua ni swali gani lilikuwa linajibiwa. Na kweli, fomula bila swali ni kama ufunguo bila mlango.

Sababu ya tatu ni aibu. Darasa la chuo laweza kuwa ukumbi wenye wanafunzi mamia. Kuinua mkono na kusema "sijaelewa" mbele ya makomredi hao wote si mchezo. Kwa hivyo mtu hunyamaza, wiki ya pili hunyamaza, hata mtihani ukafika. Akianguka, hungojewa na mtihani wa kurudia, ule ambao wanafunzi wa vyuo huuita "sapu".

Sababu ya nne hutokea mwishoni mwa kozi, wakati mwanafunzi anapofanya utafiti wake mwenyewe. Siku hizi komputa hukokotoa kila kitu kwa dakika moja. Ungedhani hofu ingekwisha. La hasha! Komputa hukupa jedwali, haikupi maana. Ndiyo sababu karibu na vyuo vingi utaona vibandiko vya watu wanaochanganua data za wengine kwa malipo. Mwanafunzi hulipa, hupewa kurasa zimepangwa vizuri, kisha siku ya kuitetea kazi yake akiulizwa, "Kwa nini ulitumia kipimo hiki?" huanza kutazama dari.

KIKOMBE CHA CHAI

Je, somo lingeanza na jambo badala ya fomula, lingekuwaje? Wacha nikupe mfano ambao ni wa kitaalamu kabisa. Mwingereza Ronald Fisher, mmoja wa waasisi wa takwimu za kisasa, aliuandika katika kitabu chake cha 1935. Mfano wenyewe ni wa mwanamke aliyedai kwamba akionja chai ataweza kujua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia.

Sisi wa huku tunachemsha maziwa na majani kwenye sufuria moja, lakini nyumbani pia kuna mabingwa wa namna hiyo. Utamsikia nyanya akisema kwamba chai iliyoungwa maziwa mezani ataijua hata gizani. Tutajuaje kama ni kweli au anajigamba?

Tukimpa kikombe kimoja, hata asiyejua kitu atabahatisha mara moja kwa kila mbili. Hiyo si ithibati. Fisher alisema tuandae vikombe 8: vinne vya namna hii, vinne vya namna ile. Tuvichanganye kwa kura, bila mpango. Mwonjaji aambiwe achague vile vinne vya namna moja. Sasa, kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na ni njia moja tu kati ya hizo iliyo sahihi yote. Kwa hivyo mtu anayebahatisha ana nafasi moja katika 70. Nyanya akivipata vyote vinne, tutasema: ama ana bahati ya ajabu, ama anajua chai yake. Na akili itaelemea upande wa pili.

Basi! Umeelewa msingi wa vipimo vinavyowatoa jasho makomredi. Unaanza kwa kudhania kwamba mtu anabahatisha tu. Kisha unauliza: kama ni kubahatisha, matokeo kama haya yangetokea mara ngapi? Yakiwa ni ya nadra mno, unaiacha ile dhana ya kwanza. Majina ni marefu, lakini wazo ni hilo la vikombe.

Jambo jingine la kufurahisha: kipimo kimoja mashuhuri kinachoogopwa na wanafunzi kina jina la "Student", yaani "Mwanafunzi". Alikibuni William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha pombe cha Guinness huko Dublin, na matokeo yakachapishwa mwaka 1908. Waajiri wake hawakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, ndipo akajiita "Student". Tatizo lake lilikuwa la kawaida kabisa: ufanyeje ukiwa na sampuli chache tu za kupima? Kwa hivyo wanafunzi wanaogopa kitu kilichotiwa sahihi ya Mwanafunzi.

NGANO YA NJORO

Kuna atakayesema kwamba chai ni mchezo. Sawa. Twende Njoro, mwendo mfupi tu kutoka hapa Nakuru.

Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Katika Njoro hiyo hiyo kuna kituo cha utafiti wa ngano kilichoanzishwa mwaka 1927. Adui mkubwa wa ngano katika sehemu zetu ni ugonjwa wa kutu, ambao hupaka shina na majani rangi ya udongo mwekundu na kuifanya mbegu isinyae. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina iligunduliwa nchini Uganda, nayo ikapewa jina Ug99 mwaka uliofuata. Aina nyingi za ngano zilizokuwa zikilimwa duniani hazikuweza kuistahimili. Tangu mwaka 2005 mbegu kutoka nchi nyingi zimekuwa zikiletwa Njoro zipandwe na kuachwa zishambuliwe na kutu, ili ijulikane ni ipi itakayosimama.

Sasa fikiri. Una mbegu mbili, A na B. Umepanda A upande wa juu wa shamba, B upande wa chini. Wakati wa mavuno B imetoa magunia mengi. Je, B ni bora? Hujui! Huenda upande wa chini una unyevu. Huenda mbolea ya mwaka jana ilisombwa na mvua ikaelekea huko. Huenda ng'ombe walipita upande wa juu usiku. Ndiyo sababu watafiti hugawa shamba katika vipande vidogo vingi, wakapanda kila mbegu katika vipande kadhaa, na wakaamua kwa kura ni mbegu gani iende kipande gani. Baadaye hupima: tofauti kati ya mbegu na mbegu ni kubwa kuliko tofauti zinazoletwa na udongo peke yake? Njia hii Fisher aliikuza katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi mwaka 1919. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya takwimu hizi tunazoziogopa ilizaliwa shambani, katikati ya samadi na viazi. Sisi watoto wa wakulima wa Bonde la Ufa ndio tungepaswa kuzizoea kuliko watu wote.

Na hapa ndipo naomba tuache mzaha. Mwanafunzi wa kilimo akipita takwimu kwa kukariri au kwa kulipa mtu, hasara haiishii kwenye cheti chake. Kesho atakuwa afisa wa kilimo. Atasimama mbele ya wakulima huko Molo au Mau Narok aseme, "Pandeni hii, ni bora." Akiwa hakuelewa kwamba shamba la majaribio lilikuwa moja tu na lilikuwa bondeni, mkulima ndiye atakayelipa kwa msimu mzima. Vivyo hivyo kwa muuguzi anayesoma matokeo ya dawa, na mwandishi wa habari anayetangaza asilimia bila kuuliza zimetoka wapi. Hofu ya mwanafunzi mmoja huwa njaa au ugonjwa wa mtu mwingine.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuache kukimbia. Hata ndugu zetu wa mtaala mpya hawana pa kukimbilia, kwani mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba kila mwanafunzi wa sekondari ya juu atasoma hisabati ya namna moja au nyingine. Unapochagua kozi, uliza kama ina takwimu. Ikiwa nayo, usiikimbie kozi. Jitayarishe.

Pili, tuanze na namba zetu wenyewe. Chama chetu cha Kiswahili chaweza kuandika bei ya debe la waru kila Jumamosi muhula mzima katika soko la Wakulima, kisha tutafute wastani na tuone ni wiki gani bei iliruka na kwa nini. Kazi hiyo haihitaji komputa. Inahitaji daftari, kalamu na mtu asiyechoka. Mwaka 2011 ilianzishwa kambi ya hisabati kwa wanafunzi wa sekondari huko Maseno, ambamo hesabu hufundishwa kwa michezo na mafumbo. Nasi twaweza kuanza kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, tuulize. Kuuliza si ujinga. Yule anayeona haya kuuliza katika darasa letu la watu 50 hataweza kuuliza katika ukumbi wa watu 300. Na mwenzako akiuliza, usimcheke. Kicheko chako leo ndicho kitakachomfunga mdomo kesho.

Mwisho, kwa walimu wetu wapendwa, na nasema haya kwa heshima kubwa: mkitufundisha wastani, tuleteeni kwanza swali lenye uhai, halafu fomula ifuate. Tuulizeni huyo mtu wa nukta tisa analala wapi. Tukishacheka na kubishana, tutaitaka fomula wenyewe.

Takwimu si jini. Ni njia ya kutojidanganya. Kama nyanya anaijua chai yake, vikombe vinane vitasema; na kama mbegu ni nzuri, vipande vya shamba vitasema. Kazi yetu ni kujifunza kuvisikiliza tukiwa bado mapema, maana samaki mkunje angali mbichi.